VOI: MJI ULIOZALIWA NA RELI

Kawaida yetu watu wa pwani, tunapoitaja taarikhi ya mji, huanzia baharini. Husema nani alishuka na jahazi gani, akachimba kisima wapi, akajenga msikiti upi, na kaburi lake liko upande gani wa mji. Ndivyo ilivyo kwa Lamu na Pate, kwa Malindi na Mombasa na Vanga, na ni vyema iwe hivyo. Lakini iko miji mingine ambayo haikuzaliwa na bahari. Mama yao ni reli, na baba yao ni maji ya kunywesha injini. Taarikhi za miji hii hazisomwi majumbani mwetu, ilhali ni wachache miongoni mwetu wasiokuwa na mjomba, babu au shemeji aliyewahi kula mshahara wa reli katika stesheni mojawapo ya bara.

Katika miji hiyo tumeichagua Voi. Watu wa Mombasa aghlabu huijua Voi kwa dirisha la basi: basi husimama, abiria hushuka wakanunua chai na ndizi, kisha safari huendelea. Mtu akiulizwa mji huu ulianzaje, husema, “Ni njia tu ile.” Ndugu msomaji, hakuna mji ulio njia tu. Kila mji una watu waliouchimbia msingi, na watu hao wana haki juu yetu, angalau ya kukumbukwa.

NYIKA KABLA YA RELI

Anayetoka Mombasa kwenda bara hupanda Mazeras na Mariakani, kisha huingia katika nyika ya Taru. Nyika hii ni ya miba na vumbi jekundu, na maji yake ni ya kubahatisha. Misafara ya zamani ilitegemea ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Mvua ikikosekana, ngurunga hukauka, na msafara hulazimika kwenda mbio mpaka Maungu au mpaka vilima vya Wataita. Hapo ndipo mtu alipopata kuteka maji, kununua chakula, na kupumzisha mabega.

Njia hiyo waliijua watu wetu kabla ya Mzungu yeyote. Waswahili wa Mombasa waliipita wakiwa na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Wala haifai kuficha kwamba wako waliorudi na binaadamu wenzao wamefungwa minyororo. Taarikhi inayotaja sifa na kuficha aibu ni hadithi ya kujipendekeza, na haina faida kwa anayetaka mazingatio.

Mwezi wa Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na vitabu vya Ulaya vikamtukuza kwa hilo. Lakini Rebmann hakujipeleka. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, mtu aliyeijua njia ya Taita na Uchagani. Ni wangapi leo wanaolijua jina la Bwana Kheri? Tulitie jambo hili moyoni, kwani litarudi mara kwa mara katika khabari hii: aliyebeba hasahauliki kwa bahati mbaya tu, bali husahauliwa kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwa mwingine.

Ama jina la Voi, husemwa kuwa limetokana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara yake pwani, na aliyefariki mwaka 1851. Mto uteremkao kutoka milima ya Taita na kupita hapo huitwa vilevile Mto Voi. Mto huo ndio uliouzaa mji, kama tutakavyoona.

CHUMA KINAINGIA NYIKANI

Mwaka 1895 serikali ya Kiingereza iliipokea nchi hii kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiitawala na ambayo mali ilikuwa imeiishia. Ukanda wa pwani ulibaki kwa jina kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwezi wa Disemba mwaka huohuo akawasili Mombasa mhandisi George Whitehouse, naye ndiye aliyepewa kazi ya kutandika reli mpaka Ziwa Nyanza. Makusudio yao yalikuwa Uganda na mto wa Nile. Taita, Ukambani na Umasaini zilikuwa kwao ni masafa ya kuvuka. Hakuna aliyekaa London akasema, “Tujenge mji Voi.”

Kazi ilipoanza mwaka 1896 wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, khasa Punjab. Mmoja katika waliopewa mkataba wa kuleta watu na vyakula alikuwa A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kibohora aliyekuwa akikaa Karachi. Walikuja wahunzi, waashi, maseremala, makarani na makuli. Kuli alipewa rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho na nauli, kwa mkataba wa miaka mitatu. Walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Mabaniani. Jumla yao mpaka reli kumalizika walikuwa kiasi cha watu 32,000. Karibu 2,500 walikufa, na maelfu wengi zaidi waliugua homa, madonda na magonjwa ya tumbo. Baada ya kazi, kiasi cha 6,700 walibaki katika nchi hii, na wengi wa waliosalia walirudi kwao.

Katika nyika ya Taru wafanyakazi hawakuwa na maji. Yaliletwa kwa gari la moshi lilelile kutoka nyuma, na kila siku ambayo gari lilichelewa ilikuwa siku ya kiu. Wanyama waliopelekwa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o. Mataruma yaliwekwa ya chuma, kwa kuwa ya mti yangeliwa na mchwa. Mwisho wa mwaka 1897 reli ikafika Voi, kiasi cha maili 100 kutoka Mombasa.

Wakati ule nchi ilikuwa katika shida kubwa. Ng'ombe walikuwa wamemalizwa na sotoka miaka michache kabla, na sasa mvua ikakosekana. Njaa ya mwaka 1898 na 1899 iliwaua watu wengi Taita na Ukambani. Hivyo chuma kiliingia Voi ilhali watu wa vilimani wanakufa kwa kukosa chakula, na mabehewa ya mchele wa makuli yakiwapita.

HESABU ISIYOTIMIA

Mbele ya Voi, penye mto wa Tsavo, yalitokea yale ya simba ambayo dunia nzima imeyasikia. Mwaka 1898, Luteni Kanali Patterson alipokuwa akijenga daraja, simba wawili walikuwa wakiingia makambini usiku na kuwatoa watu ndani ya mahema. Simba hao wote wawili waliuawa mwezi wa Disemba mwaka huo, na ngozi zao baadaye ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, ziliko mpaka leo.

Patterson aliandika kuwa waliouawa na simba hao ni Wahindi 28. Na Waafrika? Akasema walikuwa wengi, lakini hakuna hesabu yao iliyowekwa. Mwaka 2009 wataalamu walioipima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kuwa waliliwa watu kiasi cha 35. Ikiwa 35 au zaidi, jambo la kuzingatia ni kwamba simba wanajulikana kwa umri na urefu na wako katika sanduku la kioo, na mtu wa Taita au wa pwani aliyeliwa nao hana hata jina.

Hata ile khabari ya watu 2,500 waliokufa kwa ujenzi wa reli ni hesabu ya Wahindi peke yao. Waafrika waliofyeka msitu, waliobeba mawe na waliochimba tuta hawakutiwa katika daftari hilo. Dini yetu imehimiza mfanyakazi apewe ujira wake upesi, kabla jasho lake halijakauka. Basi vipi yule ambaye hata jina lake halikuandikwa, mrithi wake atadai wapi?

KWA NINI HAPA, SI PENGINE?

Injini za zamani zilikuwa za mvuke. Zilikula kuni na zilikunywa maji mengi mno, na kila baada ya masafa fulani sharti zinyweshwe. Gari linalotoka Mombasa hupanda mlima likivuta mizigo, likavuka Taru isiyo na maji, na pahala pa kwanza penye mto ni Voi. Basi hapo pakawekwa matangi, kuni, karakana na nyumba za madereva na mafundi. Watu wa reli waliziita nyumba hizo landi. Palikuwa pia na nyumba ya mapumziko ambapo abiria wa daraja za juu walishuka jioni kula chakula, kwani siku zile ndani ya gari hapakuwa na chumba cha kulia.

Palipo na mshahara, duka halikosekani. Wakaja Wahindi wenye maduka ya nguo, sukari na mafuta. Wakaja Waswahili, watu wa Mombasa na mwambao, wengine makarani, wengine wapishi, washonaji na wauza vitumbua. Wataita waliteremka kutoka Dawida na Sagalla wakileta mboga, ndizi na miwa. Wakaja Wakamba, na baadaye Waluo, Waluhya na wengineo walioajiriwa na reli. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na lililowakutanisha ni Kiswahili. Katika hili reli ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia: iliieneza lugha yetu mpaka ziwani.

Pamoja na watu, dini nayo ilisafiri. Kila penye landi kubwa palipatikana pahala pa kuswalia, kwanza chini ya mti au katika banda la mabati, kisha msikiti. Anayetaka ushahidi na aangalie Mackinnon Road, stesheni iliyo kati ya Voi na Mombasa, lilipo kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli, na msikiti juu yake. Alikuwa mtu wa Bara Hindi aliyefanya kazi ya reli. Watu husimulia kuwa karai la udongo lilikuwa likienda juu ya kichwa chake bila kukigusa. Elimu ya karama iko kwa Mwenyezi Mungu, wala makala hii si pahala pa kuzijadili. Kwa mwenye kuandika taarikhi, kaburi lile linatosha kwa jambo jingine: katika maelfu ya makuli, huyu mmoja jina lake limehifadhika, na limehifadhika kwa kuwa wenziwe walimpenda wakalijengea. Serikali ilijenga madaraja. Waja wa Mungu walijenga kumbukumbu.

VITA VYA WENGINE

Mwezi wa Agosti 1914 vita vya Ulaya vilipoanza, Wajerumani walitoka Tanganyika wakaiteka Taveta. Tangu siku hiyo reli ya Mombasa ikawa shabaha. Vikosi vidogo vya Kijerumani vilivuka nyika kwa miguu, vikatega baruti relini, na magari mengi yakapinduliwa baina ya Voi na Tsavo.

Waingereza walipoazimia kuvamia, mwaka 1915 walitoa tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, likapita Mwatate na Bura mpaka Maktau, na baadaye likaendelea Mbuyuni na Taveta. Lilitandikwa kwa haraka na vikosi vya reli vilivyoletwa kutoka Bara Hindi. Tarehe 12 Februari 1916 palitokea vita vya kilima cha Salaita. Askari wa Kizungu kutoka Afrika Kusini walishindwa wakarudi nyuma, na waliosimama kuwazuia maadui walikuwa Wabaluchi wa jeshi la Bara Hindi, wengi wao Waislamu. Mwezi wa Machi Taveta ikachukuliwa, na mwaka huohuo reli ya Voi ikaunganishwa na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe. Voi ikawa njia panda.

Lakini bei ya njia panda hiyo ililipwa na nani? Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu pwani na bara, wakafa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Na watu wa Kasigau, kusini ya Voi, walituhumiwa kuwa wamewasaidia Wajerumani. Mwaka 1915 kabila zima likahamishwa, wazee kwa watoto, likapelekwa Malindi. Watu wa kilimani walitupwa katika homa za pwani, wakafa wengi, na waliosalia hawakurudishwa kwao ila baada ya miaka mingi. Tuhuma ya wachache ililipwa na wote. Hii ndiyo dhulma kwa jina lake kamili.

ARDHI INAKATWA VIPANDE

Baada ya vita mji ulikua polepole. Katani ilipandwa Voi na Mwatate katika mashamba makubwa, na reli ikaichukua mpaka bandarini. Kazi ilipatikana, lakini ardhi ya tambarare iliwatoka wenyewe. Mtaita alibaki na kilima chake, na akitaka pesa ateremke kuwa kibarua penye malisho ya babu yake. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa chama cha Taita Hills Association, kilichoongozwa na Woresha Mengo mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku, pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba vilivyoshirikiana nacho, na viongozi wakatiwa kizuizini.

Mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Wanyama ya Tsavo, kubwa kuliko zote nchini, na makao ya upande wa mashariki yakawekwa Voi. Tangu hapo mji umezungukwa. Mbuga imeleta watalii, hoteli na ajira, na hilo ni la kheri. Lakini zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imeingia ndani ya mbuga. Waata, ambao maisha yao yalikuwa uwindaji, katika miaka ya 1950 walijikuta wakifungwa jela kwa kazi waliyorithi. Na mkulima aliye pembeni mwa mbuga mpaka leo halali usingizi mahindi yanapokaribia kukomaa, kwani ndovu hawajui mpaka uliochorwa kwenye karatasi.

Katika miaka hiyohiyo nyika iligeuzwa kuwa jela. Manyani, mbele kidogo ya Voi, ilifunguliwa kambi mwaka 1954, wakazuiliwa maelfu ya watu kwa tuhuma za Mau Mau, na kambi nyingine ilikuwa Mackinnon Road. Wafungwa hao waliletwa kwa reli. Mackinnon Road yenyewe ilikuwa imepata kelele zake mapema zaidi, pale jeshi la Kiingereza lilipoanza mwaka 1947 kujenga bohari kubwa ya silaha na vyombo, kisha likaiacha baada ya miaka michache. Leo anayepita hapo haoni dalili ya mji mkubwa. Hiyo ndiyo tafauti ya kuitazama: penye jeshi tu, jeshi likiondoka hubaki msingi mtupu.

MJI UNANUSURIKA

Kwa akili ya kawaida, Voi nayo ilikuwa ife mara tatu.

Mara ya kwanza ni pale injini za mvuke zilipoondolewa zikaletwa za dizeli. Injini ya dizeli haina kiu ya mto wa Voi. Sababu yenyewe iliyouzaa mji ikaondoka, na kazi nyingi za karakana zikaondoka nayo.

Mara ya pili ni mwaka 1977. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Tawi la Voi na Taveta, lililokuwa likienda Kahe na Moshi, likawa kama mkono uliokatwa. Ndugu walioana ng'ambo mbili za mpaka walitengana, na biashara ya njia panda ikalala.

Mara ya tatu ni barabara. Tangu barabara ya Mombasa na Nairobi ilipotiwa lami yote, mzigo ulianza kuhama kutoka behewani kwenda kwenye lori. Reli ilizidi kudhoofika. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi, na hali haikutengenea.

Basi kwa nini mji haukufa? Ni kwa sababu katika miaka hiyo wakaazi wake walikuwa wameacha kuwa wageni wa reli. Mtu aliyekuja kuwa fundi alioa hapo, akajenga, akasomesha, akazika wazee wake hapo. Dereva wa gari la moshi alipopoteza kazi, mwanawe akafungua gereji ya malori. Mkewe aliyekuwa akiuza mahamri stesheni akahamia kituo cha basi. Soko la Voi likaendelea kupokea mboga za Taita kila siku, na vito vinavyochimbwa vilimani, tangu miaka ya 1970, vikaleta wanunuzi. Makao ya wilaya yalikuwa Wundanyi, na ya kaunti baada ya mwaka 2013 yakawa Mwatate. Voi haikupewa hili wala lile, na bado ndiyo iliyo kubwa kuliko zote katika Taita Taveta. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wakaazi wake walizidi 50,000.

RELI MPYA NA SWALI LA ZAMANI

Tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, yenye njia pana zaidi kuliko ile ya Waingereza. Voi imepewa stesheni kubwa, lakini si palepale pa stesheni ya zamani. Abiria anayeteremka hapo hupanda matatu au pikipiki kuingia mjini, na yale maduka yaliyokuwa yakitazamana na stesheni kongwe sasa yanatazama mataruma yaliyoota nyasi.

Na jambo hili halikuishia Voi. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yanayoingia nchini yapelekwe kwa reli mpya mpaka Nairobi na yatolewe huko, watu wa Mombasa waliona kwa macho yao wanachokijua watu wa Voi tangu zamani. Malori yalisimama. Maghala yalifungwa. Wapakizi, makarani wa forodha, mafundi, mama ntilie wa Changamwe na Mariakani, na wenye nyumba za kulala wageni njia nzima mpaka Mtito Andei walipungukiwa na riziki. Watu waliandamana. Mwezi wa Septemba 2022 rais mpya aliamuru kazi hiyo irejeshwe bandarini. Shukrani kwa hilo. Lakini kilichorejeshwa kwa amri moja, kinaweza kuondoshwa kwa amri nyingine, na mwenye akili hujitayarisha mchana kwa giza la usiku.

MAZINGATIO

Mambo matatu tunapenda yabaki na msomaji.

La kwanza: riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na njia zake ni nyingi. Atakayeifunga nyumba yake nzima kwenye njia moja, ikiwa ni reli, bandari au hoteli, ameifunga kwenye kamba iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Voi ilinusurika kwa kuwa watu wake walikuwa na kazi mkononi. Mfundishe mwanao elimu, na pamoja na elimu mfundishe kazi ya mkono ambayo haiondoki gari likiondoka.

La pili: hati. Wako watu waliokaa katika nyumba za reli miaka 30 au 40, wakapanda miembe, wakazaa na kujukuu, na siku ya kustaafu wakaambiwa watoke na masanduku yao. Nyumba ya mwajiri si yako, hata ukiipaka rangi kila Idi. Na shamba la babu lisilo na hati ni maneno tu mbele ya mwenye karatasi. Watu wa tambarare za Taita waliyajua haya kwa uchungu, nasi watu wa mwambao tunayajua vilevile. Asiyekuwa na hati na aitafute leo, akiwa na nguvu na mashahidi wake wangali hai.

La tatu: kumbukumbu. Bwana Kheri, wapagazi wa Kariakoo, watu wa Kasigau waliokufa Malindi, Waafrika walioliwa na simba wa Tsavo. Wote hawa walikosa daftari. Daftari la Mwenyezi Mungu halisahau mtu, na huko haki ya kila mmoja iko. Lakini la duniani ni wajibu wetu sisi. Katika majumba yetu wangali wako wazee waliofanya kazi ya reli wakati wa Mwingereza na wakati wa Jumuiya. Mjukuu achukue kalamu, akae nao baada ya swala ya alasiri, aandike: walitoka wapi, walifanya kazi stesheni gani, walilipwa nini, nani alikufa na akazikwa wapi. Kitabu kikubwa hakihitajiki. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha, nalo ni hidaya kwa watakaozaliwa.

Voi haikukusudiwa kuwa mji. Iliwekwa kuwa pahala pa kunywesha chuma. Waliokuja wakalala katika mabanda, wakaoana, wakaswali, wakauza mboga na kuzika wafu wao, ndio walioifanya mji. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalipe waliodhulumiwa haki zao, na atujaalie sisi tuwe wenye kuzingatia. Wabillahi tawfiq.